Swala ni wa umma, lakini lango lina mwenyewe

Je, msomaji, ungekubali kutoa pesa langoni ili umfuate mnyama ambaye sheria yenyewe inasema ni mali ya umma? Usikimbilie kujibu. Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, maelfu ya Wamarekani huketi na jamaa zao mezani, wakaitandaza ramani na kulipigia hesabu swali hilo hilo. Wanataka kuwinda swala, na leseni wanayo. Kinachowasumbua ni mahali pa kukanyaga.

Jimbo tunalolizungumzia ni Wyoming, lililoko magharibi mwa Marekani. Kwa ukubwa linaipita Uganda kidogo, lakini watu wake hawafiki laki sita, yaani hawawezi hata kuujaza mtaa wa Embakasi wakatosha. Sehemu kubwa ni nyanda kavu zenye upepo mkali na vichaka vya kijivu, na ukipita kwa gari utawaona swala wamesimama kando ya barabara jinsi unavyowaona swalatomi ukielekea Kajiado. Katika miaka ya neema swala hao huhesabiwa kwa malaki. Katika miaka mibaya, kama ule wa baridi kali ya 2022 na 2023, hufa kwa maelfu kwenye theluji.

Hapa inafaa nikutoe ushamba kidogo, maana hata Wamarekani wengi hawalijui jambo hili. Mnyama huyo anayeitwa pronghorn, ambaye wao humwita swala, si swala hata kidogo. Katika ukoo wa wanyama walio hai, jamaa zake wa karibu ni twiga wetu na okapi wa misitu ya Kongo. Pembe zake zina panda, na kila mwaka huambua gamba la nje likaota jingine, jambo ambalo swala wa Afrika hawalifanyi. Mbio zake ni kama kilomita 88 kwa saa. Lakini mwenye mbio hizo zote ana udhaifu mmoja wa ajabu: hapendi kuruka ua. Akifika kwenye waya wa seng'enge huinama akapenya chini yake, na waya ukiwa chini sana hukwama hapo hapo. Uweke moyoni udhaifu huo, maana habari yetu yote ni ya nyua.

Sheria ya Wyoming, kama ya majimbo mengine ya nchi hiyo, husema mnyama wa mwituni si wa mtu binafsi. Ni wa watu wote wa jimbo, na serikali ni mwangalizi tu. Swala akiingia katika shamba la mfugaji akala majani aliyowapandia ng'ombe wake, bado ni wa umma. Mwenye shamba hawezi kumuuza, wala mwindaji aliyempiga hawezi kuipeleka nyama yake buchani. Biashara hiyo ilikomeshwa zamani, baada ya wachinjaji wa karne ya 19 kuwamaliza nyati na swala hadi wakabaki wa kuhesabika. Leo unaruhusiwa kuipika na jamaa zako au kumgawia jirani, basi.

Anayetaka kuwinda huomba leseni, na leseni hutolewa kwa bahati nasibu. Mkazi wa jimbo hulipa dola 37, yapata shilingi 4,800 zetu. Mgeni kutoka jimbo jingine hulipa dola 326, ambazo ni kama shilingi 42,000. Tangu mwaka 2024 mgeni huyo akitaka kuingia katika foleni ya pili, ambayo aghalabu ina washindani wachache, hutozwa dola 1,200. Ama kweli, hata bahati nasibu ina daraja la kwanza na daraja la pili.

Lakini leseni haiwindi popote. Jimbo limegawanywa katika maeneo yenye nambari, na ukipewa eneo fulani huruhusiwi kuvuka mpaka wake. Hapo ndipo mtego ulipo. Kuna maeneo ambayo leseni hupatikana kwa urahisi sana, nyingine hubaki bila mnunuzi. Mgeni asiyejua hushangilia, akanunua, akaendesha gari siku mbili kutoka Chicago au Missouri, akafika na kukuta kwamba eneo zima karibu lote ni la wafugaji, na kila lango lina kufuli. Idara ya wanyama ya jimbo huonya katika vijitabu vyake kuhusu maeneo ya namna hiyo, lakini nani husoma kijitabu chote? Maeneo yenye ardhi tele ya umma, kama jangwa jekundu la kusini mwa jimbo, mtu huweza kuomba miaka na miaka asipate.

Basi mwindaji ana njia mbili. Karibu nusu ya ardhi ya Wyoming ni ya serikali ya taifa, na ruhusa ya kuingia huko ni bure. Unapiga hema, unavaa kizibao cha rangi ya chungwa ili mwenzako asikudhanie swala, na unatembea. Tatizo ni kwamba si wewe peke yako uliyesoma ramani. Siku ya kwanza ya msimu magari hupanga foleni, risasi hulia alfajiri, na kufikia saa nne za asubuhi swala, ambaye macho yake huona mbali ajabu, ameshajua pa kukimbilia. Hupenya chini ya waya akasimama upande wa pili, katika ardhi ya mfugaji, akiwatazama. Wapo wanaoapa kwamba huwacheka.

Njia ya pili ni kumlipa mwenye ardhi. Hakuuzii swala, kwa maana si wake, bali anakuuzia ruhusa ya kupita langoni. Bei hutofautiana mno: wengine hudai mamia ya dola kwa bunduki moja, wengine hupita elfu, na ukitaka wakulaze, wakulishe na mtu wa kukuongoza, pesa hupanda zaidi. Wanaoipenda njia hii husema wananunua utulivu. Mtu mwenye likizo ya siku nne na mtoto wa miaka 13 anayetaka kumfunza hawezi kuzipoteza siku hizo akishindana na magari 20 bondeni.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Dume la swala huyu likishachunwa na kutolewa mifupa hutoa kama kilo 15 hadi 20 za nyama. Mgeni aliyelipa dola 326 tayari amekula zaidi ya shilingi 2,000 kwa kila kilo kabla ya kununua petroli, risasi na barafu. Akiongeza dola 500 za langoni, kilo moja inapita shilingi 5,000. Mbuzi wa Kiamaiko ni sadaka. Kwa hiyo yule anayekwambia anawinda ili abane matumizi ya nyumbani, muulize kwanza kama ni mkazi wa jimbo. Kwa mkazi, mwenye leseni ya dola 37 na ardhi ya umma iliyo saa moja kutoka mlangoni pake, hesabu hiyo ni kweli tupu, na zipo jamaa nyingi huko ambazo friza yao hujazwa kila Oktoba kwa njia hiyo. Hao ndio wanaoumia lango linapofungwa.

Tusimhukumu mfugaji upesi lakini. Swala hao hula majani ambayo ng'ombe wake wangekula wakati wa baridi. Wawindaji huacha malango wazi, mifugo ikachanganyika na ya jirani. Magari huchimba barabara zake mvua ikinyesha, na kipande kimoja cha sigara katika nyasi kavu huweza kuteketeza malisho ya mwaka mzima. Bei ya ndama ikianguka, pesa za wawindaji huenda ndizo zinazomlipia kodi ya ardhi. Ukimwambia awafungulie wote bure atakuuliza: na wewe ofisini kwako wanaingia tu?

Jimbo jirani la Montana lilianza mwaka 1985 mpango ambao mimi naona una busara. Serikali humlipa mfugaji kutokana na ada za leseni, naye hufungua ardhi yake kwa mwindaji yeyote anayefuata masharti, mwindaji asitoe hata senti moja langoni. Mamilioni ya ekari yamo katika mpango huo. Wyoming nayo ina wa kwake unaofanana na huo. Kinyume chake ni Texas, ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi: huko asiyekodi ranchi na asiye na mjomba mwenye shamba, kuwinda kwake ni kwa shida.

Pengine unajiuliza yanatuhusu nini sisi, ambao serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ni kweli kwamba hapa hakuna leseni ya kupiga swala, na hata nyama ya pundamilia na kongoni iliyokuwa ikichomwa katika hoteli za Nairobi ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa kuwavuna wanyama katika ranchi ulipositishwa. Lakini kabla ya hapo nchi hii ilikuwa imegawanywa katika vitalu vya uwindaji, mgeni mwenye pesa akilipia leseni, huku Mwaata wa Tsavo, aliyewinda kwa upinde tangu mababu, akifungwa kama jangili. Na leo, ingawa bunduki haipo, lango bado lipo. Sehemu kubwa ya wanyama wetu huishi nje ya mbuga. Huko Narok, tangu miaka ya 2000, wenye mashamba yanayopakana na Maasai Mara wamejiunga katika hifadhi za kibinafsi na kukodisha ardhi yao kwa wenye kambi za watalii. Mfugaji hupata kodi ya kila mwezi, mtalii hupata simba bila msongamano wa magari. Mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kumwona simba huyo huyo atangoja avuke aingie upande wa umma.

Turudi Wyoming, kwa maana huko mambo yalifika mahakamani, na kesi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha na kuogofya pamoja.

Miaka ya 1860, serikali ya Marekani ilipotaka reli ya kuivuka nchi, iliwalipa wajenzi kwa ardhi. Iligawa kando za reli vipande vya maili moja mraba, kimoja cha kampuni, kinachofuata cha serikali, mfano wa ubao wa drafti. Kampuni iliuza vyake kwa wafugaji. Matokeo ni kwamba vipande vingi vya umma havina barabara. Vinagusana na vipande vingine vya umma penye pembe tu, kama vile miraba myeusi ya drafti inavyogusana. Ukitaka kutoka kimoja hadi kingine lazima uvuke ile nukta, na ukiivuka, bega lako moja hupita juu ya ardhi ya mtu. Kampuni moja ya ramani ilikadiria mwaka 2022 kwamba ekari milioni 8.3 za umma katika majimbo ya magharibi zimefungiwa kwa namna hiyo.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walifika katika mlima uitwao Elk, penye ranchi ya ekari zaidi ya 22,000 ya tajiri mmoja aliyepata utajiri wake katika dawa. Hawakufuata swala bali elk, kulungu mkubwa wa huko, ila ardhi ni ile ile na sheria ni ile ile. Penye pembe palikuwa na nguzo mbili na mnyororo. Wao walikuja na ngazi ya chuma waliyoitengeneza, wakaisimamisha juu ya nukta, wakapanda upande huu na kushuka upande ule bila kugusa udongo wa tajiri.

Walishtakiwa kwa kosa la jinai, na Aprili 2022 jopo la raia likawaachilia. Tajiri akawafungulia madai, akisema thamani ya ranchi yake imepungua kwa zaidi ya dola milioni 7. Mwezi Mei 2023 jaji wa mahakama ya taifa aliamua kwa upande wa wawindaji. Machi 2025 mahakama ya rufani ikakubaliana naye, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 iliyotungwa kuwazuia matajiri wa ng'ombe wa zama hizo wasiizungushie ua ardhi ya umma. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Uamuzi huo unatumika Wyoming na majimbo matano mengine yaliyo chini ya mahakama hiyo ya rufani. Montana haimo. Huko maafisa wa wanyama walitangaza mwaka 2025 kwamba kuvuka pembe bado ni kinyume cha sheria, na mwindaji atakayekuja na ngazi yake huenda akajieleza upya mbele ya jaji mwingine.