Bao Liingie Ndani

Mwaka 1871 mwanauchumi wa Kiingereza William Stanley Jevons alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilojifanyia mwenyewe. Alikuwa akirusha konzi ya maharage meusi kwenye kijisanduku, anatupa jicho mara moja, anakisia ni mangapi yameingia, ndipo anayahesabu. Alirudia hivyo zaidi ya mara 1,000. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yalipofika matano alianza kuteleza, na kadiri yalivyozidi ndivyo makosa yalivyoongezeka. Wanasaikolojia waliokuja baadaye walikuta jambo hilohilo kwa watu wengine: jicho hutambua vitu vitatu hadi vinne papo hapo, na zaidi ya hapo ni lazima akili ifanye kazi.

Mcheza bao wa Unguja huuvuka mpaka huo kila jioni. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mtu ana safu mbili. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete 6 katika nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake; kete zake 22 hubaki nje ya ubao kwa ajili ya kunamua, yaani kuingizwa ubaoni mchezo ukiendelea. Shimo lenye kete 3 halimsumbui mtu. Lenye 9 au 10 ni shauri jingine, kwa sababu kete moja tu ndiyo inayoamua kama utakula au utalala, yaani zamu yako itaisha.

Kete zenyewe zinastahili kutazamwa. Zile za asili ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na fukwe zetu. Hata ganda la tunda lake lina miiba, na ndani yake mara nyingi mna komwe moja au mbili, za kijivu, nyororo, ngumu kiasi kwamba miaka ya kugongana ubaoni haizipasui. Gamba lake halipitishi maji, nayo huelea. Mikondo ya bahari imezichukua komwe kutoka nchi za joto hadi fukwe za Scotland na Norway, ambako hali ya hewa haiuruhusu mmea wake kuota.

Utamu wa bao uko katika kanuni moja. Kwenye drafti na sataranji, kinacholiwa hutolewa nje, na ubao huzidi kuwa mweupe. Kwenye bao, kete ulizokula unazisambaza upande wako. Hakuna inayopotea: zote zikishaingia ubaoni ni 64 mpaka mwisho, zinahama mikono tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete huku shimo la mpinzani lililo mkabala nalo lina kitu, unakula tena. Ikiwa mkabala ni patupu, unazoa za shimo lako na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Hapa hakuna dadu wala bahati. Anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu.

Na hesabu hiyo ni nzito. Namna zote za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 zinakaribia moja ikifuatwa na sifuri 25. Tuseme kompyuta ilianza kuzipitia ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ikikagua milioni moja kila sekunde. Mpaka leo isingefikisha hata sehemu moja ya ishirini.

Mzee wa barazani hazipitii zote, na hana haja. Anajua njia za mkato. Mashimo yake ni 16 yanayozunguka, hivyo akizoa kete 16 anajua bila kuhesabu kwamba ya mwisho itarudi katika shimo lilelile aliloliacha tupu, na atalala. Zikiwa 17, ya mwisho itaangukia shimo linalofuata. Hii ni hesabu ya saa ya ukutani, ambapo saa 12 baada ya saa tatu ni saa tatu tena. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliipangia kanuni zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1801, na leo inasaidia kulinda siri za ujumbe unaopita kwenye simu zetu. Mtoto anayecheza bao anaishika kwa vidole kabla hajakutana nayo skuli.

Je, mafundi hawa wamezaliwa na vichwa vya pekee? Mwaka 1973 watafiti wa Marekani William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wacheza sataranji ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliwaacha mbali wanagenzi pale vipande vilipotoka kwenye mchezo wa kweli. Vilipopangwa ovyoovyo, ubingwa haukuwafaa kitu. Siri yao ilikuwa mazoea ya kuona maana katika mpangilio. Bao nalo limepata mtafiti wake: Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa utafiti mzima kuhusu ufundi wao. Ubingwa ni kazi ya miaka, na kazi ya miaka huanza na nafasi ya kukaa mbele ya ubao.

Nafasi hiyo ndiyo tunayoigawa vibaya. Pita Mji Mkongwe alasiri, ufike Jaws Corner: kahawa inamiminwa, dhumna inapigwa mezani, na karibu wote waliokaa ni wanaume. Bao liko barazani na baba na babu. Ukumbini wamebaki wengine na karata au ludo, na uani wasichana wanacheza mdako. Kila mchezo una elimu yake, ila kila mmoja nyumbani anapata kipande tu.

Tusiudharau mdako. Msichana anarusha jiwe, anakomba kokoto kutoka shimoni, anadaka jiwe kabla halijagusa chini; kisha anarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Jiwe lililopanda nusu mita hukaa hewani sekunde 0.64 tu, kupanda na kushuka. Likipanda mita moja halipati muda maradufu. Linapata sekunde 0.9. Ili apate maradufu anapaswa kulirusha mara nne ya ile nusu mita, yaani mita mbili, na hapo huenda likamponyoka. Ni kanuni ya Galileo ya vitu vinavyoanguka, iliyochapishwa mwaka 1638, na mikono ya msichana inaijua barabara. Kaka yake hajafundishwa.

Dhumna nayo ni somo la kutafuta kisichoonekana. Vipande ni 28, na kila namba imo katika vipande 7. Ukiwa na vipande vitatu vyenye nne, na vitatu vingine vimeshalala mezani, kimebaki kimoja. Anayepitisha zamu wakati nne iko wazi amekwambia kwamba si yeye aliyekishika.

Manufaa ya michezo ya aina hii kwa wadogo yamepimwa. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Marekani wa umri wa chekechea kutoka familia zenye kipato kidogo. Baadhi walicheza mchezo wa ubao wenye namba 1 hadi 10, wakizitaja kwa sauti kila wanaposogeza kipande. Wengine walicheza mchezo kama huo wenye rangi tu. Baada ya vipindi vinne vifupi ndani ya wiki mbili, kundi la namba lilikuwa limepiga hatua katika kuhesabu na kulinganisha namba, na wiki tisa baadaye faida hiyo ilikuwepo bado. Kundi la rangi halikufaidika hivyo. Kucheza tu hakukutosha: mtoto alipaswa kuitaja namba, na pembeni yake alikuwepo mkubwa wa kumsikiliza.

Basi bao liingie ndani. Usiku, baada ya chakula, liwekwe katikati ya ukumbi, na wa kwanza kukaribishwa awe binti. Pasipo na ubao, mashimo 32 uani na mbegu za ubuyu zinatosha. Kabla hajagusa kete, aseme kwa sauti: ziko saba, nitaishia pale. Asirekebishwe. Azisambaze, na kete ya mwisho itamwambia kama alipatia. Kaka yake naye apewe zamu ya mdako, azomewe kidogo na dada zake mpaka mkono uzoee.

Babu atashinda mwanzoni, na ashinde kwelikweli, bila kumwonea mtu huruma. Siku mjukuu wake wa kike atakapoila nyumba yake, hapatakuwa tena na mtu wa kumshawishi kwamba hesabu haikuumbiwa yeye.