Mwaka wa Ugenini: Lugha Mpya Inavyoingia Akilini mwa Kijana

Mtu atakaye kutega mbu ndani ya nyumba ya watu pale Lipangalala, kata iliyomo katika mji wa Ifakara, hana budi kwanza apige hodi na kungoja aitikiwe. Kisha amwamkie mwenye nyumba kwa shikamoo, amjulie hali yake na ya watoto, aulize habari za shamba na mpunga, ndipo aeleze kwa utaratibu kwamba anaomba ruhusa ya kutundika mtego wa taa karibu na kitanda chenye chandarua, uwake usiku kucha, na kwamba alfajiri atarudi kuwahesabu anofelesi na kuleksi walionaswa. Kazi hiyo, ambayo kwa mtaalamu wa wadudu ni ya kila siku, kwa mwanafunzi aliyetoka Basel au Glasgow ni mtihani wa lugha usio na karatasi wala msimamizi, maana mama mwenye nyumba akiuliza kama taa ile haitawadhuru wanawe, jawabu hutakiwa papo hapo, kwa maneno anayoyafahamu yeye, wala hakuna nafasi ya kufungua kamusi.

Wanafunzi wa namna hii wamekuwa wakija katika bonde la Kilombero, ulimo mji huo, tangu zamani. Profesa Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, alifika Ifakara mwaka 1949, akawakuta mapadre Wakapuchini wa Uswisi na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikitibu wagonjwa, na mwaka 1957 akafungua hapo maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, ambayo, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, leo ni Ifakara Health Institute, taasisi ya Kitanzania inayojulikana duniani kwa elimu ya malaria. Tangu hapo vijana wa vyuo vikuu vya ng'ambo wamezidi kuja, wengine kwa miezi michache na wengine kwa mwaka au zaidi. Na mkazi yeyote wa mji aliyepata kukaa nao ataweza kukueleza kwamba katika wawili waliofika pamoja na kukaa muda ule ule, mmoja huondoka akijua kubishana bei ya perege sokoni na kutaniana na wauzaji, na mwenziwe huondoka na salamu tatu tu. Tofauti hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ni kipaji. Mimi naamini, na elimu ya siku hizi yaniunga mkono kwa sehemu kubwa, kwamba kipaji ni sehemu ndogo ya sababu, na kwamba jambo kubwa ni kama kijana yule aliihitaji lugha ili aishi, au aliishi vyema bila ya kuihitaji.

Desturi ya kumpeleka mwanafunzi ugenini mwaka mzima, kwa sura yake ya chuo kikuu, ina umri wa karne moja hivi: mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kiliwapeleka wanafunzi wanane Ufaransa pamoja na mwalimu wao Raymond Kirkbride, na mwaka 1987 mataifa ya Ulaya yakaanzisha mpango wa Erasmus ambao umewahamisha vijana kwa mamilioni. Lakini kwa nini mwaka, wala si mwezi? Hesabu yenyewe yajibu. Chuo cha lugha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, chenye uzoefu mrefu wa kuwafundisha wanadiplomasia, hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza huhitaji wiki 36 za darasa, takriban saa 900, ili afikie kiwango cha kufanyia kazi kwa Kiswahili, na wiki 88, yaani saa 2,200, kwa Kichina au Kiarabu. Zigawanye saa hizo 900 kwa saa tatu za darasa kila wiki, na utapata wiki 300, karibu miaka sita bila ya likizo hata moja; ilhali aishiye Lipangalala, akisikia na kusema Kiswahili saa tano kwa siku, huzitimiza katika miezi sita. Ni kweli kwamba saa ya sokoni haifanani na saa ya mwalimu mahiri, lakini ya sokoni ina sifa ambayo darasa haliwezi kuiiga, nayo ni kwamba usipofahamu, unakosa kitoweo.

Sasa tuingie katika ubongo wenyewe. Katikati ya kichwa, upande wa kushoto na wa kulia, mna kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi, ambacho kazi yake mojawapo ni kupokea mambo mapya na kuyaweka mpaka yatakaposambazwa na kutulia katika gamba la ubongo, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa hufanyika usiku, mtu akiwa amelala usingizi mzito. Mwaka 2012 Johan Mårtensson na wenzake walichapisha habari za uchunguzi wao katika chuo cha wakalimani wa jeshi la Uswidi, ambako vijana wasio na msingi wowote wa Kiarabu, Kirusi au Kidari husomeshwa lugha hizo kwa kasi isiyo ya kawaida. Walipiga picha za ubongo kabla ya masomo na baada ya miezi mitatu, wakawalinganisha na wanafunzi wengine wa chuo kikuu waliosoma kwa bidii, lakini si lugha. Katika wale wa lugha hipokampasi ilikuwa imekua, na sehemu kadhaa za gamba la ubongo zihusikazo na matamshi na maana zilikuwa zimenenepa. Katika wale wengine hapakuwa na badiliko. Sijui habari iliyo na faraja zaidi kwa mwanafunzi anayelala amechoka hata kichwa kikamwuma kwa kusikiliza lugha ya watu mchana kutwa: kuchoka kule ni alama ya kazi, na usingizi wake si uvivu, bali ni sehemu ya somo.

Kukua kwa kiungo, hata hivyo, si mwisho wa habari. Mtaalamu Michael Ullman amefundisha kwa muda mrefu kwamba lugha hukaa katika kumbukumbu za aina mbili: iko ya kujua, ambamo huhifadhiwa maneno na kanuni zinazoweza kuelezwa, na iko ya kutenda, ambayo ndiyo imwongozayo mwendesha baiskeli asifikirie kanyagio. Kijana aliyesoma sarufi ya Kiswahili kwao Ulaya aweza kukueleza ngeli zote kwa mpangilio, lakini akitakiwa kumwarifu msimamizi wake kwamba mitego mitatu iliyovunjika imerudishwa, hukwama katikati ya sentensi, maana upatanisho unatakiwa mara nne mfululizo na kila mara anarudi kuitafuta kanuni. Mtoto wa Lipangalala wa miaka minne, asiyejua hata kuwa kuna kitu kiitwacho ngeli, hakosei upatanisho huo. Kara Morgan-Short, akishirikiana na Ullman na wengine, aliwafundisha watu wazima lugha ndogo ya kubuni, kundi moja kwa kanuni zilizofafanuliwa na kundi la pili kwa mifano na mazoezi tu, mithili ya mtu aishiye kati ya wenyeji. Kwa mtihani wa kawaida makundi yalikaribiana. Lakini umeme wa ubongo ulipopimwa, ni kundi la pili lililoonyesha kwa ukamilifu mwenendo ule uonekanao kwa watu wanaosikia lugha yao ya kuzaliwa. Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya mwaka wa ugenini: humvusha mtu kutoka kujua hadi kutenda, na uvukaji huo hautaki haraka.

Nasi Waafrika wa Mashariki tusidhani kwamba habari hii ni ya wageni waliotujia tu. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, kiliwapokea vijana wetu wengi, na kaida yake ilikuwa kwamba mwaka wa kwanza ni wa Kirusi, ndipo mtu aingie katika udaktari au uhandisi. Huko Leipzig, Ujerumani ya Mashariki, Taasisi ya Herder iliwaandaa kwa Kijerumani, kwa muda wa miezi kumi hivi, wanafunzi kutoka kila bara, wakiwamo Wazanzibari waliopelekwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Na ilipokuwa ikijengwa reli ya TAZARA, ambayo inalikata bonde letu la Kilombero kwa kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Hata leo Watanzania waendao China kwa masomo yafundishwayo kwa Kichina huanza kwa mwaka wa lugha. Hao wote walikuwa na jambo moja ambalo mgeni wa Ifakara aghalabu hana: kama lugha haikuingia, hapakuwa na anatomia, hapakuwa na fizikia, hapakuwa na shahada ya kurudi nayo nyumbani. Kijana aliyetoka katika nyumba ya wasemao Kimbunga au Kindamba, lugha za bonde letu, akajifunza Kiswahili utotoni na Kiingereza shuleni, aliongeza lugha ya nne akiwa na miaka ishirini, katika baridi asiyopata kuiona, na akaitumia kupasulia maiti na kukokotolea daraja. Nawaheshimu sana watu wale, na nasikitika kwamba maarifa yao ya jinsi walivyojifunza hayakukusanywa ipasavyo.

Liko jambo moja ambalo wengi wao walilaumiwa bila haki. Aliporejea, akiwa mezani na jamaa zake, kijana alikwama akitafuta jina la kitu alichokijua tangu utoto, au lafudhi yake ikasikika imepinda kidogo, na papo hapo akahukumiwa kuwa ana maringo. Mwaka 2009 Jared Linck, Judith Kroll na Gretchen Sunderman walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakiishi Hispania kwa muhula mmoja. Walipotakiwa kutaja upesi, kwa Kiingereza chao cha kuzaliwa, majina ya vitu vya jamii fulani, walitaja machache kuliko wenzao waliobaki kusoma Kihispania darasani kwao. Ubongo, ili uipe nafasi lugha changa, huikandamiza ile yenye nguvu, isije ikajibu kila swali kabla ya mwenziwe. Charles Chang naye alionyesha mwaka 2012 kwamba Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kikorea huko Korea, ndani ya wiki chache tu, matamshi yao ya Kiingereza yalianza kuvutwa na Kikorea. Basi kusahau kule si kiburi. Ni ushahidi kwamba kijana aliishi kweli ndani ya lugha aliyoifuata, nayo lugha ya nyumbani, maadamu haikupotea bali imezuiliwa, hurejea akirudi kuitumia.

Kinachoniudhi ni kuona jinsi haja ya lugha inavyoondolewa siku hizi. Rosamond Mitchell na wenzake wa Southampton waliwafuatilia wanafunzi 56 wa Uingereza waliokwenda Ufaransa, Hispania na Meksiko kwa mwaka wa masomo kuanzia 2011, wakaona kwamba ufasaha wao uliongezeka, lakini pia kwamba Kiingereza kiliwafuata kila mahali, kwa simu na intaneti, na hata kwa wenyeji waliotaka kukifanyia mazoezi. Ifakara ni vivyo hivyo. Mikutano ya utafiti huendeshwa kwa Kiingereza, nasi kwa ukarimu wetu, tukimwona mgeni anababaika, twamwokoa kwa lugha yake kabla hajamaliza sentensi, na kwa wema huo twamnyima alichokuja kukitafuta.

Kwa hiyo natamani mwanafunzi ajaye kwa mwaka asipangiwe nyumba ndani ya ua wa wageni wenzake, bali apate chumba katika nyumba ya familia Lipangalala. Wakati wa mpunga afuatane nao shambani, akae dunguni akifukuza ndege pamoja na watoto, kwa kuwa watoto humsahihisha mtu bila ya kumwonea haya. Na apimwe Kiswahili chake siku ya kufika, katikati ya mwaka na siku ya kuondoka, kama wapimwavyo mbu wake. Na mama wa nyumba hiyo amlazaye, amlishaye na kumrudisha katika upatanisho kila akosapo ahesabiwe kuwa mwalimu, na ujira wake uandikwe katika bajeti ya utafiti, mahali pale pale unapoandikwa ujira wa dereva na wa mtunza maabara.