Kabla hujamtumia pesa "rafiki" aliye Dubai

Nyeri, Karatina au Nanyuki, safari ya kwenda kufanya kazi ya hoteli Dubai au Doha mara nyingi huanza na mtu unayemjua. Weita aliyetangulia akisikia mpishi anatafutwa, anaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wa kwao. Ukifika, haohao ndio wanaokupa pa kulala na kukukopesha hadi mshahara wa kwanza.

Matapeli nao wanajua mnavyoaminiana. Wakiiba akaunti ya mwenzenu, wanakuandikia: "Nafasi ni moja, tuma ya viza sasa hivi." Pesa ikishatolewa kwa wakala, hata sisi ni vigumu kukurudishia.

Kwa hivyo, kabla hujatuma:

- Mpigie kwa laini yake ya kawaida, au uulize nyumbani kwao.
- Hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama hulijui, ghairi.

Nafasi ikikupita, nyingine itakuja. Ng'ombe aliyeuzwa kumlipa tapeli harudi zizini.