Kiangazi Kikiwaka, Paka wa Nyumbani Naye Apate Kivuli

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa kwa familia yoyote iliyopata kuishi katika makambi ya askari. Pale ambapo gunia la unga, maharage ya mwezi mzima, sare za kazi na vyeti vya shule vya watoto vyote vimewekwa katika chumba kimoja, paka mmoja hodari hulinda mali kuliko kufuli. Lakini mlinzi huyo ana adui mmoja asiyeweza kukamatwa kwa makucha, naye ni joto la kiangazi.

Katika sehemu za kaskazini ya Uganda, kama vile Gulu, Kitgum na Moroto, kiangazi huingia mwezi wa Desemba na kuendelea hadi Machi. Wakati wa mchana joto hupita nyuzi 30 za sentigredi kwa urahisi. Ng'ambo ya mpaka, katika Sudani ya Kusini, joto lilizidi hata serikali ikaamuru shule zifungwe mwezi wa Machi 2024, na tena mwezi wa Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia katika mji wa Juba. Joto liwezalo kumwangusha mwanafunzi darasani haliwezi kuwa jambo dogo kwa mnyama wa kilo 4 aliyefungiwa ndani ya nyumba.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba ya askari wa kawaida. Baba yuko zamu tangu saa kumi na mbili asubuhi, mama amekwenda kazini, na watoto wako shuleni. Mlango umetiwa kufuli, na dirisha limefungwa kwa kuhofia wezi na vumbi. Saa tisa alasiri mtoto anarudi na kumkuta paka amejinyosha sakafuni, mdomo wazi, akihema kama mbwa. Mtoto anacheka na kwenda zake kucheza. Mama anapofika saa kumi na moja, paka hanyanyuki tena. Majirani wanasema amekula sumu ya panya, na shauri linaishia hapo. Kumbe sumu haikuhusika. Paka ameuawa na nyumba yenyewe.

MWILI WA PAKA NA JOTO

Wengi huamini kwamba paka hadhuriki na joto, kwa sababu kila siku huonekana akiota jua asubuhi au kujikunja kando ya jiko. Imani hiyo ina ukweli nusu. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Afrika, mnyama wa nchi kame, na amerithi kwake figo zenye uwezo wa kubana maji sana. Urafiki wake na binadamu ni wa zamani: mwaka 2004 wataalamu walitangaza habari za kaburi moja katika kisiwa cha Kupro, lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo paka alizikwa karibu na mtu.

Hata hivyo, kimburu wa porini huchagua mahali pake. Jua likipanda, hujificha chini ya kichaka au katika shimo, na hutoka kuwinda jioni. Paka aliyefungiwa hana shimo wala kichaka. Yeye huvumilia tu kile alichoachiwa na mwenye nyumba.

Joto la kawaida la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39, yaani juu kidogo ya lile la binadamu. Binadamu hutoa jasho mwili mzima, lakini paka hutoa jasho katika nyayo zake peke yake. Njia yake nyingine ni kujilamba, ili mate yakikauka juu ya manyoya yachukue sehemu ya joto la mwili. Kuhema kwa mdomo wazi si desturi yake kama ilivyo kwa mbwa. Ndiyo maana paka anayehema hivyo ndani ya nyumba yenye joto hachezi wala hafurahishi, anaomba msaada. Joto la mwili wake likipita nyuzi 40, hatari imekwisha kuingia, nalo likizidi 41 viungo vya ndani huanza kuharibika.

Walio dhaifu zaidi ni watoto wa paka, paka wazee, wenye mimba, wanene, na wale wenye manyoya marefu au pua bapa. Paka weupe nao wana shida ya peke yao: masikio na pua zao huunguzwa na jua, na baada ya miaka huweza kupatwa na saratani ya ngozi. Hao wasiachwe kuota jua la mchana, hata kama wenyewe wanalipenda.

NYUMBA YA BATI

Bati lililopigwa na jua la saa saba huweza kupita nyuzi 60, nalo hutupa joto hilo chini kama jiko lililogeuzwa juu chini. Wanaolijua jambo hili zaidi ni wale waliokaa katika vibanda vya duara vya mabati, ambavyo askari polisi wa Uganda wamevizoea kwa jina la yunipoti, kwa kuwa humo hata ukuta ni bati.

Dawa ya kwanza ni hewa. Madirisha na yafunguliwe usiku na alfajiri ili baridi iingie, na jua likianza kuwa kali yale yanayoelekea jua yafunikwe kwa pazia zito au mkeka. Hata hivyo nyumba isizibwe kabisa. Ubakie upenyo wa hewa upande wenye kivuli. Wavu wa chuma uliopigiliwa vizuri dirishani huzuia mwizi na humzuia paka asitoke, lakini upepo hupita. Kwa wakaao katika nyumba za ghorofa wavu huo ni wa lazima, kwa maana paka anayetafuta upepo hupenda kulala ukingoni mwa dirisha, na wengi wameanguka.

Dawa ya pili ni dari. Pasipokuwa na dari ya mbao, mikeka ya mafunjo ikitandazwa chini ya bati na kuachiwa nafasi katikati hupunguza joto kwa kiasi kinachohisiwa na kila aingiaye. Bati likipakwa rangi nyeupe kwa nje, hurudisha sehemu kubwa ya mwangaza wa jua.

Dawa ya tatu ni gunia. Gunia la katani likiloweshwa maji na kutundikwa penye upenyo wa upepo hupoza hewa iingiayo. Njia hii hufaa sana katika nchi kavu kama Karamoja. Katika miji ya pwani kama Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, gunia hilo halina kazi kubwa. Huko afadhali kutegemea upepo na kivuli.

Zaidi ya hayo, paka mwenyewe aachiwe nafasi ya kuchagua. Sakafu ya saruji chini ya kitanda, pembe ya chumba iliyo mbali na ukuta unaopigwa na jua, au boksi la karatasi ngumu lililotobolewa pande mbili na kulazwa sakafuni, vyote ni malazi mema. Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo paka asifungiwe kwenye dari, juu ya kabati, wala ndani ya stoo ya bati.

MAJI NA CHAKULA

Paka huhitaji mililita 50 hivi za maji kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Paka wa kilo 4 basi ahitaji mililita 200, yaani glasi ndogo moja, yakiwamo maji anayoyapata katika chakula. Paka wa asili alipata sehemu kubwa ya maji hayo katika nyama ya panya. Kwa hiyo kiu yake ni ndogo, naye huchelewa kunywa hata pale anapokauka.

Hapana budi kumshawishi. Bakuli ziwe mbili au tatu, pana, zimewekwa mahali mbalimbali penye kivuli, mbali na chakula na mbali zaidi na sanduku lake la choo. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Bakuli la udongo ni bora kuliko la plastiki, kwa kuwa udongo usiopakwa rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo na kuyapoza maji, kama mtungi ufanyavyo. Bakuli la bati huweza kuwa la moto mpaka paka akalikataa.

Chakula kitolewe alfajiri na jioni, wakati wa baridi. Dagaa waliochemshwa pamoja na supu yao, pasipo chumvi wala kitunguu, humpa paka chakula na maji kwa pamoja. Kitunguu huharibu damu ya paka, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wa watu si zawadi njema. Maziwa nayo hayachukui nafasi ya maji: paka wengi wakubwa hawawezi kuyayeyusha tumboni, huharisha, na kuharisha huwapotezea maji zaidi.

Ukosefu wa maji huzaa ugonjwa mwingine, hasa kwa paka dume. Mkojo ukiwa mzito, huweza kutengeneza chembechembe zinazoziba njia. Paka dume anayekwenda kwenye sanduku lake mara kwa mara, akajikamua na kulia, pasitoke kitu, yumo hatarini na huweza kufa kwa muda wa siku mbili au tatu. Huyo apelekwe kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo.

ANAPOZIDIWA

Dalili za kuzidiwa na joto ni hizi: kuhema mdomo wazi, mate mengi, ufizi kuwa mwekundu sana, kutapika, kuyumba, na hatimaye kuzimia. Atakayemkuta paka katika hali hiyo na asipoteze wakati. Kwanza, amtoe na kumweka kivulini penye upepo. Pili, amloweshe kwa maji ya kawaida yenye ubaridi, hasa tumbo, nyayo na masikio, huku akimpepea kwa gazeti au ungo. Maji ya barafu yasitumike, kwa kuwa hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Asifunikwe kwa taulo lenye maji na kuachwa nalo, maana taulo hilo hupata moto upesi. Tatu, awekewe maji karibu, lakini asimiminiwe kinywani, asije akayavuta mapafuni.

Paka akiinuka, kazi haijesha. Madhara ya figo na ya damu huweza kutokea siku zifuatazo, na kwa sababu hiyo mganga wa mifugo hana budi kumwona.

Liko kosa moja ambalo watu wema hulitenda kwa huruma. Wakimgusa paka na kumwona ana moto, hudhani ana homa na kumpa kidonge cha panadoli. Dawa hiyo, iliyo salama kwa binadamu, ni sumu kali kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumwua. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea mbwa na ng'ombe dhidi ya kupe: baadhi yake, hasa zenye pemethrini, humtetemesha paka hadi kufa. Hata viroboto wakiwa wengi, paka hupakwa dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka tu.

SIKU YA UHAMISHO

Maisha ya askari ni maisha ya uhamisho, na amri haingoji mvua. Mara nyingi paka husafirishwa ndani ya gunia lililofungwa mdomo, likatupwa juu ya lori kati ya magodoro na masufuria, safari ya saa sita. Wengi hufika wamekufa, na watoto hulia katika nyumba mpya kabla vitu havijashushwa.

Tenga la fito au kasha la mbao lenye nafasi za kupitisha hewa hutengenezwa kwa muda mfupi. Lianze kuwekwa nyumbani siku chache kabla, paka alizoee. Asishibishwe kabla ya safari, aondoke alfajiri, awe upande wenye kivuli, na kila gari lisimamapo apewe maji. Kamwe asiachwe ndani ya gari lililofungwa. Garini joto hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 za kwanza, na kufikia nyuzi 19 zaidi kwa nusu saa, hata kama nje hali ni ya wastani. Baada ya kufika, afungiwe katika chumba kimoja chenye hewa na maji kwa wiki mbili hivi, ajue kwake ni wapi.

Mambo haya hayahitaji mshahara mkubwa. Bakuli la udongo, gunia kuukuu, mkeka na wavu wa dirishani hupatikana karibu na kila nyumba, na mtoto wa miaka minane aweza kukabidhiwa kazi ya kubadilisha maji na kumtazama paka kila arudipo shuleni. Mtoto huyo akifundishwa kwamba paka anayehema mdomo wazi si wa kuchekwa, atakimbia kumwita mkubwa wakati bado upo. Nyumba kama hiyo itaiona mvua ya Machi ikinyesha, unga ukiwa salama guniani, na paka akilala chini ya kitanda akiungojea usiku aanze zamu yake.