Nguvu za Gunia na Mbio za Meta 100

Vijana wa Tunduma hawana upungufu wa nguvu. Amtazamaye mpagazi akishusha magunia hapo mpakani, mkabala na Nakonde, hawezi kulikana jambo hilo. Je, nguvu hizo zaweza kugeuka mbio? Wako wasemao kuwa kunyanyua vyuma humfanya mkimbiaji mzito. Sisi hatukubaliani nao.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Ferdinand Omanyala alicheza raga kabla ya kugeukia mbio fupi. Na tarehe 18 Septemba, 2021, mjini Nairobi, alikimbia meta 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Wataalamu wameonyesha kuwa mwenye mbio huwapita wenziwe hasa kwa kuipiga ardhi kwa nguvu zaidi, si kwa kurusha miguu hewani upesi zaidi. Ila unyayo wake hukaa chini kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, nayo misuli huhitaji muda mrefu kuliko huo ili itoe nguvu zake zote. Gunia libebwalo polepole mchana kutwa hufundisha ustahimilivu, wala si wepesi. Afadhali kuchuchumaa na uzito mkubwa mara chache, kuruka, kisha kukimbia kwa kasi kamili na kupumzika vya kutosha.

Basi kijana aliyeshinda chini ya mzigo asiambiwe jioni kwamba amekwisha fanya mazoezi, amechoka tu. Twawaomba walimu wa michezo wampime kwa saa, meta 30, akiwa amepumzika, na wampime tena baada ya majuma manane.