Je, Wajua? Borani asiyemwogopa mbung'o

Kuna ng'ombe wa nundu anayestahimili mbung'o kuliko ndugu zake: borani wa Waorma, wafugaji wa Kenya. Miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana nchini Kenya, alichungwa pamoja na borani wa kisasa katika pori lenye mbung'o. Wa kisasa waliugua zaidi nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wa Waorma, wadogo kwa umbo, waliambukizwa mara chache, na walioambukizwa walidhibiti upungufu wa damu vizuri zaidi.

Hadi katikati ya karne ya 19, Waorma walichunga mpaka nyuma ya Kismayo, katika Somalia ya leo. Vita na maradhi viliwasukuma kusini, hadi mto Tana.

Hata hivyo, huko walikotoka, kwenye eneo la mto Juba nchini Somalia, borani hakutoweka. Wasomali humwita awai. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, makundi mengi ya ng'ombe hao yaliswagwa kwa miguu hadi mnada wa Garissa, Kenya.

Borani wa kisasa, yule wa ranchi kubwa, ana chama chake nchini Kenya tangu 1951, na viinitete vyake vilifika hadi Australia. Huyu wa Waorma, mwenye ustahimilivu huu, ametunzwa na wachungaji wenyewe. Wanastahili sifa.