Kabla ya Kulipia Gari, Uliza Habari za Kamera

Mkazi wa Nakuru anayetafuta gari la kwanza hukagua injini, magurudumu na kitabu cha usajili. Kamera ya dashibodi, ambayo wengi huiita dashikamu, huonekana kuwa pambo la kununua baadaye pesa zikipatikana. Kwa watumiaji wa barabara zetu, kuna sababu za kuiingiza katika hesabu mapema, hasa ukiwa na gari la bei nafuu.

Sababu ya kwanza ni bima. Sheria inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ya mtu wa tatu, na wengi huishia hapo kwa kuwa ndiyo rahisi. Bima hiyo humlipa mtu uliyemgonga. Gari lako mwenyewe hailigusi. Lori likikuharibia gari pale Salgaa, utalipwa tu ikiwa unaweza kuonyesha kwamba kosa lilikuwa la dereva wa lori. Mwenye bima kamili hutengenezewa gari na kampuni yake, nayo kampuni hubaki kufuatilia upande wa pili. Kwa hiyo anayehitaji ushahidi zaidi ni yule aliyelipa bima ndogo.

Ushahidi wenyewe ni adimu. Kati ya Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, malori huteremka mlima mrefu huku magari madogo yakijaribu kuyapita. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa na watu 36 wakafariki. Mara nyingi katika ajali za namna hii, mashahidi ni abiria waliokuwa wamelala au wasafiri wanaoendelea na safari zao kabla polisi hawajafika. Kinachobaki ni neno la dereva mmoja dhidi ya mwenzake.

Sheria ya Trafiki haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kufunga kamera. Wala kamera haizuii ajali. Ikiwa bajeti inatosha kitu kimoja tu, kati ya kamera na magurudumu mapya, nunua magurudumu.

Ukiwa kwenye yadi, muuzaji akikwambia gari "lina kamera", muulize ni ipi. Ipo ya nyuma ya kuegeshea. Ipo pia ile iliyo juu ya kioo cha mbele, kama mfumo wa EyeSight wa Subaru, inayosaidia gari kufunga breki. Hiyo hutazama barabara lakini haikuwekei video ya kutazama baadaye. Usikubali kuongezewa bei kwa kudhani ni dashikamu. Na ukifunga yako, isikae mbele ya lenzi hizo, wala isimzibe dereva asione barabara. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma ndipo panapofaa.

Baadhi ya magari kutoka Japani huja na dashikamu halisi. Hiyo ni faida, ila kadi ya kumbukumbu huenda imetolewa, na maandishi ya kamera huwa ya Kijapani. Jambo linalosahaulika ni saa. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa 6, hivyo ajali ya saa tisa alasiri itaandikwa kana kwamba ilitokea saa tatu usiku. Wakili wa upande wa pili hatakosa kuuliza mbona jua linawaka saa tatu usiku. Rekebisha saa na tarehe siku ya kwanza, kisha uzikague kila mwezi.

Kamera hurekodi kwa mzunguko: kadi ikijaa, video za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi. Video ya ubora wa kawaida huchukua takriban gigabaiti 6 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 huweka kama saa 5. Ukienda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo, yaliyotokea asubuhi huko Kinungi yanaweza kuwa yamefutwa kabla hujafika Pipeline jioni. Kamera nyingi hufunga zenyewe video ya mgongano mkubwa isifutwe, lakini bodaboda akikukwaruza kidogo sokoni huenda isitambue. Chukua kadi kubwa, iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo.

Joto pia ni adui. Gari likiachwa juani Naivasha au Marigat, betri ndogo iliyo ndani ya kamera inaweza kuvimba. Kamera zinazotumia kapasita badala ya betri hustahimili zaidi. Kwa ukungu wa Mau Summit hakuna dawa: usipoona wewe, nayo haioni.

Kuchomeka waya kwenye soketi ya kuwashia sigara kunatosha watu wengi. Ukitaka irekodi gari likiwa limeegeshwa, fundi wa umeme wa magari ataiunganisha kwenye fyuzi; mwambie aweke kifaa cha kukata umeme betri inaposhuka, la sivyo asubuhi gari halitawaka. Waya usipite mbele ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya pembeni.

Ajali ikitokea, simama na uiripoti kwa polisi ndani ya saa 24 kama Sheria ya Trafiki inavyotaka. Toa kadi kwenye kamera kabla hujaendelea na safari, na usikate wala kuhariri video. Nakili, kisha uhifadhi ya asili. Mwambie afisa anayeandika taarifa kwamba video ipo. Mahakama zinakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Video iliyozunguka WhatsApp wiki nzima ni vigumu kuitetea.

Jihadhari na kuisambaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaacha nje matumizi ya mtu binafsi na nyumbani kwake. Ukiweka mtandaoni sura za majeruhi, au ukibeba abiria kwa malipo huku unawarekodi, unaweza kuwa umetoka katika kinga hiyo. Mwenye teksi au matatu awaarifu abiria kwa tangazo linalosomeka, na azime maikrofoni.

Siku ukiuza gari, ondoka na kadi yako. Ina njia ya kwenda nyumbani kwako na saa unazotoka.